Ukingo, Karibu na Nusura: Historia Fupi ya Maneno ya Kukaribia Jambo

Miaka michache iliyopita tuliletewa mezani rasimu ya tangazo ili tuisome kabla haijapigwa chapa. Tangazo lilihusu daraja la miti lililokuwa limechakaa, nalo lilikusudiwa kubandikwa pande zote mbili za mto. Maneno yake yalikuwa machache: wananchi walitangaziwa kwamba daraja lile "nusura livunjike". Mwandishi alikuwa na maana kwamba daraja laweza kuvunjika wakati wowote, na kwa hiyo watu wasilipite. Lakini mzawa wa lugha hii akiyasoma maneno hayo ataelewa kinyume kabisa: kwamba palitokea hatari, daraja likawa la kuvunjika, ila halikuvunjika. Hatari imekwisha, njia ni salama.

Tulilisahihisha tangazo lile na kulirudisha. Hata hivyo, jambo lenyewe halikututoka akilini. Mwandishi wake hakuwa mtu asiyejua Kiswahili, na kosa lake si la peke yake. Kila wiki hupita mikononi mwetu tafsiri ambamo mtu, nchi, mnyama au kampuni husemwa kuwa iko "ukingoni" mwa jambo fulani, na si mara moja wala mbili tumebaki tukijiuliza kama jambo hilo linakuja au linaondoka. Katika makala haya tunakusudia kueleza kwa ufupi historia ya maneno ya Kiswahili yanayotaja ukingo wa kitu na hali ya kukaribia jambo, na kuonyesha kwamba lugha yetu tangu zamani imeyatenga mambo mawili ambayo lugha nyingine huyataja kwa neno moja: ukingo wa mahali na ukingo wa tukio. Mfasiri akiyachanganya mawili hayo, msomaji hupotea.

Ukingo wa mahali

Tuanze na mahali, kwa kuwa huko ndiko lugha ilikojitajirisha zaidi. Watu waliokiunda Kiswahili waliishi mbele ya bahari inayopwa na kujaa mara mbili kwa siku, na maneno yao ya ukingo yanaonyesha hivyo. Neno pwani limetokana na kitenzi kupwa, pamoja na kiambishi cha mahali -ni. Pwani, kwa asili yake, ni pale ambapo maji hupwa. Ni ukingo unaohama: wakati wa bamvua maji hupwa mbali na kuacha wazi mchanga na miamba ambayo wakati wa maji mafu huwa haionekani. Mvuvi aliyesema "nashuka pwani" hakuwa na mstari mmoja mawazoni mwake. Alikuwa na eneo zima ambalo kwa saa fulani ni la bahari na kwa saa nyingine ni la nchi kavu.

Neno mwambao lina historia nyingine. Limetokana na kitenzi kuambaa, yaani kupita kando ya kitu bila kukigusa, kama chombo kinavyoambaa pwani kisipande mwamba. Kwa hiyo mwambao ni nchi ya ukingoni kama inavyotazamwa na nahodha aliye majini, ilhali pwani ni nchi hiyohiyo kama inavyotazamwa na mtu anayeikanyaga. Ufuko, au ufukwe kama wengi wanavyosema siku hizi, ni ule mchanga wenyewe. Maneno matatu yanataja ukingo mmoja, na hakuna hata moja linaloweza kuchukua nafasi ya jingine bila hasara.

Ukingo wenyewe ni neno la jumla zaidi. Mto una ukingo, kisima kina ukingo, kitanda na meza na nguo vina kingo. Neno hili lina mzizi mmoja na kinga na kitenzi kukinga, yaani kuzuia kitu kisipite au kisidhuru. Ukingo wa mto huyakinga maji yasienee mashambani; ukingo wa kisima humkinga mchota maji asitumbukie. Katika fikra ya wazee, basi, ukingo haukuwa mahali pa hatari tu. Ulikuwa pia kitu kinachozuia hatari. Tutaona baadaye kwamba maana hii ya pili imeanza kusahaulika.

Yapo na maneno mengine yanayotumika kila siku. Kando ni upande wa kitu, nje kidogo au ndani kidogo ya mwisho wake. Pembe ni ncha ya mnyama na pia kona ya chumba, na kutoka kwake tumepata pembeni na pembezoni. Pambizo ni ile nafasi tupu inayoachwa kando ya ukurasa, na walimu wamelizoea tangu zamani. Upeo ni mwisho wa kitu kwa juu au kwa mbali, ndiyo maana pale mbingu na bahari zinapoonekana kukutana pakaitwa upeo wa macho. Kizingiti ni ule mti au ukuta mfupi wa chini ya mlango, ambao mtu akiuvuka amekwisha kuingia. Mfasiri anayetafuta neno la kiwango ambacho kikifikiwa hali hubadilika huvutwa na kizingiti, lakini na atahadhari, maana katika magazeti neno hilo limekwisha kuchukua maana ya kikwazo.

Ukingo waliopewa watu na wengine

Jina la lugha yetu nalo ni neno la ukingo. Sahil kwa Kiarabu ni ukingo wa bahari, na wingi wake ni sawahil. Msafiri Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, aliitaja nchi ya Sawahil katika maelezo ya safari yake. Neno hilohilo ndilo linalotumika kwa ukanda mrefu wa Afrika Magharibi ulio kusini ya jangwa la Sahara, unaojulikana kama Sahel, kana kwamba jangwa ni bahari na nchi ile ni ufuko wake.

Hapa pana fundisho kwa mtu wa istilahi. Aliyekuja kwa jahazi kutoka kaskazini aliiona nchi hii kuwa ni ukingo, kwa sababu kwake bahari ilikuwa njia na nchi kavu ilikuwa mwisho wa njia. Kwa wenyeji wa Lamu, Pate, Mvita au Kilwa, hapakuwa ukingoni mwa chochote, palikuwa kwao. Walijitambulisha kwa miji yao, wakawa Waamu, Wapate, Wamvita. Neno la ukingo daima huficha swali: ukingo wa nini, na anayesema amesimama wapi?

Swali hilo lilipata uzito mkubwa zaidi katika karne ya 19. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilipatana juu ya mipaka ya milki ya Sultani wa Zanzibar katika bara. Zilikubali kwamba milki hiyo ni ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10 za baharini, kutoka ghuba ya Tunghi upande wa kusini hadi Kipini upande wa kaskazini, pamoja na baadhi ya miji iliyo mbele zaidi. Kwa mara ya kwanza ukingo uliokuwa ukihama na maji ukawa kipimo katika mkataba. Mwaka 1890 sehemu ya kusini ya ukanda huo iliuzwa kwa Wajerumani kwa marki milioni 4. Sehemu ya kaskazini iliingia katika utawala wa Waingereza, lakini kisheria ikabaki chini ya Sultani, ndiyo sababu Kenya iliitwa Koloni na pia Himaya.

Neno mwambao likafufuka kwa maana mpya. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1950 lilikuwa jina la madai ya kisiasa ya wale waliotaka ukanda huo ujitawale wenyewe au urudishwe Zanzibar. Tume ya Sir James Robertson ilipendekeza mwaka 1961 kwamba ukanda uunganishwe na Kenya, na mwezi Oktoba 1963 Waziri Mkuu wa Kenya, Jomo Kenyatta, na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Mohamed Shamte, walipeana barua za kuhakikisha haki za wakazi wake. Miezi miwili baadaye Kenya ikapata uhuru ikiwa nchi moja. Neno lililotoka kwa nahodha anayeukwepa mwamba lilikuwa limekwisha kubeba mzigo wa katiba.

Miaka michache baada ya hapo neno jingine la ukingo lilipewa kazi ya namna hiyo. Katika mijadala ya uchumi wa siasa iliyopamba moto Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako Walter Rodney alifundisha na ambako kitabu chake juu ya Ulaya na kudumaa kwa Afrika kilichapishwa kwa ushirikiano na shirika la uchapishaji la Tanzania mwaka 1972, ilihitajika istilahi ya kutaja nchi zilizo mbali na kitovu cha ubepari. Pembezoni ikachukuliwa, nayo imedumu. Leo tunasoma juu ya "makundi yaliyo pembezoni" katika taarifa za afya, elimu na haki za raia.

Tungependa kutoa tahadhari moja. Pembezoni hutaja mahali tu; haitaji aliyemweka mtu hapo. Kutengwa hutaja tendo, na palipo tendo yupo mtendaji. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 204, ilianzisha mfuko maalumu wa kupeleka maji, barabara, umeme na huduma za afya katika sehemu zilizoachwa nyuma. Kuziita sehemu hizo "za pembezoni" ni kusema ziko mbali. Kuziita "zilizotengwa" ni kusema kuna aliyezitenga, na kwamba ana deni. Mfasiri hana ruhusa ya kulifuta deni hilo kwa kuchagua neno laini, wala ya kulizusha pale ambapo matini asilia haikulitaja.

Kutoka mahali kwenda wakati

Lugha nyingi huazima maneno ya mahali ili kutaja wakati, na Kiswahili hakikosi. Mpaka ni mwisho wa shamba au nchi, pale tunapopakana na jirani. Lakini pia twasema "nitangoje mpaka kesho". Hadi nayo ina asili ya Kiarabu katika neno lenye maana ya kikomo, na leo kazi yake kubwa ni kuonyesha mwisho wa muda au wa mwendo. Maneno hayo mawili, hata hivyo, hutaja mwisho wenyewe. Hayatuambii lolote juu ya kile kipande kifupi cha wakati ambapo jambo halijawa lakini limekwisha kuonekana linakuja.

Kwa kipande hicho Waswahili hawakutumia jina la mahali. Walitumia vitenzi. Cha kwanza ni kutaka. "Mvua inataka kunyesha", "jua linataka kuchwa", "ukuta unataka kuanguka": mvua, jua na ukuta havina nia, na kila msikilizaji anajua kwamba hapa kutaka si kupenda bali ni kukaribia. Matumizi haya ni ya kale, na yamezama ndani ya sarufi yetu. Wanaisimu wanakubaliana kwamba kiambishi cha wakati ujao -ta- ni kitenzi hichohicho kilichofupishwa, na ushahidi wake tunao kila siku katika maneno kama "atakayekuja" na "watakaofika", ambamo -taka- bado imekaa kamili. Twaweza kusema kwamba wakati ujao wa Kiswahili ulianza kama neno la kukaribia.

Cha pili ni kukaribia chenyewe, pamoja na karibu. Halafu yapo maneno ya kazi na ya maumbile, kila moja likitaja hatua moja mahususi. Mkulima wa minazi huanza na kidaka, kisha kitale, kisha dafu, kisha koroma, ndipo apate nazi. Koroma si dafu tena wala si nazi bado. Ni tunda lililo katika kuvuka. Daktari na muuguzi wana mahututi kwa mgonjwa ambaye uhai wake uko shakani, na wazee wana sakarati kwa yule aliye katika kukata roho. Aliyekuwa mahututi akapona husemwa kwamba amechungulia kaburi. Na kwa dalili za jambo lijalo tunayo methali inayojulikana na kila mtoto, kwamba dalili ya mvua ni mawingu.

Nusura na wenzake

Tumefika sasa kwenye neno lililotuletea taabu ya daraja. Nusura ni ndugu wa kitenzi kunusuru, yaani kuokoa, na asili yake ni Kiarabu. "Nusura afe" ni kusema kwamba kifo kilifika karibu naye, ila aliokolewa. Wokovu umo ndani ya neno lenyewe. Almanusura ina mzizi huohuo na maana hiyohiyo. Ponea chupuchupu ni msemo wa mitaani zaidi, lakini nao umetaja kupona waziwazi.

Kwa hiyo Kiswahili kina njia mbili za kutaja ukingo wa tukio, na njia hizo hazikutani. Njia ya kwanza ni ya jambo lililokaribia likapita: nusura, almanusura, chupuchupu, "kidogo aanguke", "ilibaki kidogo aanguke". Njia ya pili ni ya jambo ambalo bado laja: "anakaribia kuanguka", "yu karibu kuanguka", "ukuta unataka kuanguka". Msomaji aangalie vizuri neno karibu, kwa maana linasimama pande zote mbili. Likifuatwa na kitenzi cha dhamira tegemezi, kama katika "karibu aanguke", huungana na nusura, na aliyetajwa hakuanguka. Likifuatwa na kitenzi jina, kama katika "yu karibu kuanguka", jambo liko wazi bado. Tofauti ya umbo la kitenzi ndiyo inayomwambia mtu akimbie au akae.

Kutaka pia hubadilika kwa wakati. "Ukuta unataka kuanguka" ni onyo. "Ukuta ulitaka kuanguka" ni hadithi ya jambo lililopita. Na kwa binadamu, kitenzi hiki hakifai kabisa katika maandishi rasmi, kwa kuwa "mgonjwa anataka kufa" ni maneno ambayo yakiandikwa katika cheti cha hospitali yatasomwa kwa maana ya nia.

Mfano wa hivi karibuni utatusaidia. Mwezi Aprili 2021 kimbunga Jobo kilikuwa kikielekea pwani ya Tanzania, na wakazi wa Dar es Salaam na mikoa ya jirani walitahadharishwa. Siku zile neno sahihi lilikuwa kinakaribia. Kimbunga kikapungua nguvu na hakikuleta maafa yaliyohofiwa. Baada ya hapo, na baada ya hapo tu, ndipo mtu alipoweza kusema kwamba nusura kitupige. Mtangazaji ambaye angelitumia nusura siku mbili kabla angeliwapa watu ruhusa ya kurudi baharini. Mamlaka ya Hali ya Hewa imefanya vema kuweka ngazi zake za angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa, ambazo zote hutazama mbele.

Matumizi mapya ya "ukingoni"

Katika miaka ya karibuni maandishi mengi, hasa ya habari, yameanza kutumia ukingoni kwa ajili ya tukio: "ukingoni mwa kufilisika", "ukingoni mwa vita", "ukingoni mwa kutoweka". Hatusemi kwamba lugha isikue. Lakini kabla ya kulikubali neno katika kazi mpya ni lazima tuangalie kama halina kazi nyingine tayari, na hili linayo. Kila shabiki wa mpira anajua maana ya "ligi inaelekea ukingoni", na kila karani ameandika "mwaka wa fedha ukiwa unaelekea ukingoni". Maana yake ni kwamba ligi na mwaka vinakwisha.

Sasa tazama matokeo. "Vita viko ukingoni" kwa Mswahili ni habari njema: vita vinamalizika. "Nchi iko ukingoni mwa vita", katika tafsiri, hutakiwa kuwa habari mbaya: vita vinaanza. Maneno ni yaleyale, yamebadilishana nafasi tu, na msikilizaji wa redio anayefua nguo au kuendesha gari hana nafasi ya kuyapanga upya. Sababu ya mkanganyiko ni ya kihistoria, nayo imo katika mto. Mto una kingo mbili. Aliyetoka porini akafika ukingoni bado hajaanza kuvuka. Aliye majini akikaribia ukingo amekwisha kuvuka. Kiswahili, kilipolihamisha neno hili kwenye wakati, kilichagua ukingo wa pili, ule wa kumaliza safari. Lugha ambazo tunafasiri kutoka kwazo zilichagua wa kwanza. Hakuna iliyokosea, lakini kuzichanganya katika sentensi moja ni kosa.

Tuchukue mambo ya hifadhi ya viumbe, ambamo maneno haya hutumika sana. Mwaka 1996 wataalamu walimgundua chura mdogo katika korongo la Mto Kihansi, milima ya Udzungwa, aliyeishi katika eneo dogo lililolowa kwa manyunyu ya maporomoko. Maji ya mto yalipopelekwa kwenye mitambo ya umeme, manyunyu yakapungua mno. Mwishoni mwa mwaka 2000 chura 499 walipelekwa Marekani ili wazalishwe huko. Mwaka 2009 chura wa Kihansi alitangazwa kuwa ametoweka katika makazi yake ya asili, na mwaka 2012 akaanza kurudishwa. Katika miaka hiyo kiumbe huyu amepita katika hali nne: alikuwa katika hatari ya kutoweka, akatoweka korongoni huku akiishi ugenini, akarudishwa, na bado yumo hatarini. Neno "ukingoni" haliwezi kuzitenga hali hizo. "Yumo katika hatari ya kutoweka", "ametoweka makazini lakini hajatoweka duniani", "amerudishwa" ni maneno marefu kidogo, lakini kila moja lina ukweli wake, na ofisa anayegawa fedha za hifadhi ataelewa la kufanya.

Kwa upande mwingine, tunapohamisha ukingo kwenye matukio tunadhoofisha maana yake pale inapohitajika kwa dhati, yaani katika sheria ya ardhi na maji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu zinazoweza kudhuru hifadhi ndani ya mita 60 kutoka katika bahari, kingo za mito, maziwa na mabwawa. Mita hizo zinapimwa kuanzia ukingoni. Lakini Mto Msimbazi wa masika si Mto Msimbazi wa kiangazi. Katika mafuriko ya Desemba 2011 wakazi wengi wa bonde hilo walipoteza nyumba, na baadhi yao wakahamishiwa Mabwepande. Kwa familia yenye nyumba bondeni, fasili ya ukingo si mjadala wa wanaisimu. Ndiyo inayoamua kama nyumba itabaki au itavunjwa.

Na kwa kuwa mwaka 2021 Bunge lilibadili sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama, siku si nyingi hakimu atatakiwa kuamua kwa Kiswahili ukingo unaanzia wapi. Tunaamini kwamba historia ya neno itamsaidia. Ukingo ni kile kinachoyakinga maji, na kwa hiyo ukingo wa mto ni pale ambapo maji ya mto uliojaa katika masika ya kawaida huzuiliwa, wala si pale yanapofika wakati wa kiangazi. Vivyo hivyo kwa bahari: kupwa na kujaa ni istilahi kamili tulizorithi, na mwandishi wa sheria azitumie badala ya kuunda mpya.

Mapendekezo

Kutokana na maelezo hayo, tunawapendekezea wafasiri, walimu na watumishi wa serikali mambo yafuatayo.

Kwanza, ukingo, kando, pwani, mwambao, ufuko na pambizo yatumike kwa mahali, kila moja kwa maana yake. Pale ambapo sheria au mkataba unahusika, neno lifasiliwe mwanzoni mwa hati.

Pili, kwa jambo linalokuja, kitumike kitenzi: linakaribia, li karibu kutokea, laweza kutokea wakati wowote, lipo katika hatari ya kutokea. Onyo liandikwe kwa wakati uliopo, na lifuatwe na agizo.

Tatu, nusura na almanusura zibaki kwa jambo lililokaribia lisitokee. Mahali pa kazi, katika usalama wa ndege, migodi na viwanda, wataalamu wanahitaji istilahi ya tukio ambalo lilikaribia kuwa ajali. Tunapendekeza "tukio la nusura", kwa kuwa lugha imekwisha kuliandaa.

Nne, ukingoni, likitajwa kwa wakati, libaki na maana yake iliyozoeleka ya kufikia mwisho. Lisitumike kwa jambo linaloanza.

Tano, kabla ya kuandika pembezoni, mwandishi ajiulize kama anataja mahali au anataja tendo la kutenga.

Tunajua kwamba orodha yetu haijakamilika. Wavuvi wa maziwa makuu, wachimbaji, wafugaji na wakunga wana maneno yao ya kutaja jambo lililo karibu kutokea, na mengi hayajaingia katika kamusi. Tunawaomba wasomaji watuletee hayo pamoja na mfano wa sentensi na mahali yanapotumika, ili yachunguzwe kabla ya kusanifiwa.

Ama lile tangazo, lilibandikwa pande zote mbili za mto likiwa na maneno haya: "Daraja hili linakaribia kuvunjika. Usipite."